Je, kuna sheria ya bunduki unayoweza kuiita ya busara? Namjibu msomaji

Swali lenyewe nimelifupisha kidogo: "Mwalimu, mimi nafuatilia sana siasa za Marekani, na kila yakitokea mauaji wanasiasa wanasimama kusema tunataka sheria za busara za bunduki, halafu basi. Jamaa yangu mmoja tunabishana naye kila siku, yeye anasema Katiba yao imeshasema haki ya silaha isiguswe, kwa hiyo sheria yoyote ya kudhibiti ni uvunjaji tu. Nilikosa jibu. Je, ipo hata moja unayoweza kuitetea mbele ya mtu kama huyo? Na kama ipo, mtu aliyezuiwa anaweza kurudishiwa haki yake?"

Ndugu yangu, zipo. Ila usimdharau jamaa yako, maana ndani ya hizo zinazoitwa za busara kuna nyingine ni vituko kabisa. Mi nimefundisha sheria za katiba miaka mingi na kila nikifika kwenye bunduki za Marekani darasa linagawanyika kabla sijafungua mdomo, hawa wanataka zikusanywe zote hawa wanataka zisiguswe hata moja, na ukiwauliza sheria yenyewe inasemaje utakuta wote hawajaisoma.

Tuanze na hiyo Katiba anayoitaja. Marekebisho ya Pili yalipitishwa 1791, ni sentensi moja tu, inaanza na habari za mgambo wenye utaratibu mzuri na usalama wa dola huru, halafu ndo inamalizia kwamba haki ya watu kumiliki na kubeba silaha haitavunjwa. Miaka zaidi ya 200 watu wamegombana kama ule mwanzo wa mgambo unaifunga ile haki ya mwisho au la. Mahakama ya Juu ikaja kuamua mwaka 2008 kwenye kesi ya Heller, kura 5 kwa 4, kwamba hii ni haki ya mtu binafsi. Jiji la Washington lilikuwa limezuia bastola tangu 1976, na hata bunduki yako nyingine ukiwa nayo ndani ilibidi iwe imefunguliwa vipandevipande au triga ifungwe kufuli, yaani mwizi akiingia usiku umwambie asubiri kwanza uunganishe. Ikafutwa.

Sasa hapa ndo pa kumbana jamaa yako. Aliyeandika hukumu ile ni Jaji Scalia, na sidhani kama kuna mtu atamwita Scalia adui wa bunduki. Humohumo kaandika kwamba haki hii ina mipaka kama haki nyingine nyingi, na kwamba hukumu ile isichukuliwe kuwa imetia shaka sheria za siku nyingi zinazowazuia wahalifu wa makosa makubwa na wagonjwa wa akili kumiliki silaha, au zinazozuia silaha mashuleni na kwenye majengo ya serikali, au zinazoweka masharti kwa wafanyabiashara wa silaha. Kwa hiyo hata mahakama iliyoipa haki hii nguvu kuliko zote zilizotangulia haijawahi kusema kwamba kila sheria ni uvunjaji. Na usimwachie akuambie zamani hakukuwa na haya mambo. Massachusetts mwaka 1783 walitunga sheria ya kuzuia kuweka bunduki iliyojazwa ndani ya majengo ya Boston, kwa sababu nyumba ikishika moto bunduki zinalipuka na wazima moto wanaumia. Tombstone kule Arizona mwaka 1881 ukiingia mjini ulitakiwa uiache silaha yako mahali, na yale mapigano maarufu ya wale ndugu Earp, waliokuwa askari wa mji huo, yalianzia kwenye kuwatekelezea watu sheria hiyohiyo. Huko ndo Magharibi yenyewe ya kina koboi!

(Kuna na wale wa upande wa pili wanaodai Katiba ililinda magobore tu kwa sababu ndo yaliyokuwepo 1791. Hoja hiyo Scalia aliitupa kando na mi naitupa pia, maana kwa hesabu hiyo uhuru wa kutoa maoni ungeishia kwenye kalamu ya manyoya.)

Haya, zipi sasa ni za busara? Mi ninapoisoma sheria ya bunduki jambo la kwanza naangalia inamkamata nani na ameamua nani. Chukua kesi ya Rahimi, Mahakama ya Juu, Juni 2024. Huyu bwana wa Texas alimpiga mwanamke aliyezaa naye, mahakama ikamwekea amri ya zuio, na sheria ya serikali kuu inasema mtu mwenye amri ya namna hiyo haruhusiwi kuwa na silaha amri ikiwa bado inaendelea. Yeye akabaki nazo, na akaja kutajwa kwenye matukio kadhaa ya kufyatua risasi, mojawapo ni kupiga hewani kwenye mgahawa kisa kadi ya rafiki yake imekataa. Kesi ikapanda mpaka juu, majaji 8 kati ya 9 wakasema mtu ambaye mahakama imeshamkuta ni tishio la kweli kwa usalama wa mwenzake anaweza kunyang'anywa silaha kwa muda. Angalia ilivyokaa: kuna mtu mmoja anayejulikana, kuna kitendo, kuna jaji aliyesikiliza, kuna muda wenye mwisho. Mi hiyo naitetea mbele ya yeyote, na kama jamaa yako ana dada aliyewahi kupigwa na mume nadhani naye ataitetea.

Sasa geuza upande wa pili. Mwaka 1865, vita ya wenyewe kwa wenyewe imeisha juzi tu, Mississippi ikatunga sheria kwamba mtu mweusi aliyeachiwa huru, kama si mwanajeshi, asimiliki bunduki mpaka apewe leseni na bodi ya kaunti yake. Kwenye karatasi hiyo ni leseni tu, si ndio? Lakini bodi yenyewe ni ya kina nani. Halafu ruka mpaka 1956, Montgomery, Alabama, nyumba ya Martin Luther King imelipuliwa kwa bomu mwezi Januari, mke na mtoto wakiwa ndani, anaomba kibali cha kubeba bastola na wakubwa wa pale wanamnyima. Kama kuna mtu nchi nzima aliyekuwa na sababu ya kuomba ni yeye. Ndo maana mi sheria inayomwachia ofisa fulani aamue kama sababu yako "inatosha" siiiti ya busara, hata kama walioitunga walikuwa na nia safi kama maziwa. New York walikuwa na sheria yao tangu 1911, na baadae ili upate kibali cha kutembea na bastola ilibidi uonyeshe sababu ya kipekee inayokutofautisha na mwananchi wa kawaida, na ofisa akisema hapana ndo hapana. Mahakama ya Juu ikaivunja Juni 2022 kwenye kesi ya Bruen, 6 kwa 3. Wengi wa marafiki zangu walilia siku ile. Mi kwenye kuivunja nilikubaliana nao majaji, ila njia waliyotumia kuivunja, ile ya kutaka kila sheria ya leo itafutiwe ndugu yake wa karne ya 18 au ya 19, hiyo imewasumbua majaji wa chini mpaka wamekuwa wanahistoria wa lazima. Na hata pale Bruen hawakukataa kibali chenyewe. Majimbo yanayotaka kozi, alama za vidole na rekodi safi, halafu ukitimiza unapewa bila mtu kukukagua sura, yaliachwa yaendelee.

Kwa hiyo kibali si tatizo, tatizo ni hiari ya anayekitoa.

Tuje kwenye zile za vituko, maana hapa ndo jamaa yako ataburudika. Mwaka 1934, enzi za majambazi wa Chicago na bunduki zao za rashasha, Kongresi ilitunga sheria ya kwanza kubwa ya silaha ya nchi nzima. Haikupiga marufuku, iliweka usajili na kodi ya dola 200, ambayo enzi zile ilikuwa pesa ya kuuza ng'ombe. Ilishika rashasha, ikashika sailensa (kifaa cha kupunguza mlio), ikashika bunduki zenye mtutu mfupi. Leo hii raifo yenye mtutu chini ya inchi 16 isiyosajiliwa inaweza kukupeleka jela mpaka miaka 10. Inchi 16 na robo uko salama, inchi 15 na robo tatu wewe ni mhalifu. Lakini bastola yenye mtutu wa inchi 4, ambayo inaingia mfukoni kabisa, unanunua dukani kama kawaida. Utajiuliza, hawa watu walikuwa wamelewa? Hapana. Muswada wa mwanzo ulikuwa umeweka na bastola ndani, na kipengele cha mtutu mfupi kiliwekwa ili mtu asije akaikata raifo na kuifanya bastola akakwepa sheria. Baadae bastola ikatolewa kwenye muswada baada ya kelele, ila ule mlango wa dharura wa kuzuia wakwepaji ukasahaulika palepale, sasa unalinda nyumba ambayo haikujengwa. Zaidi ya miaka 90 watu wanapima mitutu kwa rula. Kodi yenyewe ilibaki dola 200 ileile miaka yote hiyo, sheria ya 2025 ndo ikaishusha kuwa sifuri kwa sailensa na hizo za mtutu mfupi kuanzia 2026, ila usajili bado upo.

Ya 1994 nayo hivyohivyo, ile iliyoitwa marufuku ya silaha za kivita. Ilitaja baadhi ya bunduki kwa majina, halafu kwa nyingine ikasema raifo inayojipakia yenyewe na inayochukua magazini (kile kisanduku cha risasi) ya kuchomoa, ikiwa na vitu viwili kati ya hivi: kitako cha kukunja, mshiko wa kama bastola, sehemu ya kufunga singe (kisu cha mbele ya mtutu), mdomo wa kuficha mwako wa risasi, na kirusha guruneti. Watengenezaji wakafanya nini? Wakakata ile sehemu ya singe, wakatoa mdomo wa kuficha mwako, wakaendelea kuuza bunduki ileile, inafyatua risasi ileile kwa kasi ileile. Hivi ni mauaji gani ya halaiki umeshasikia yamefanyika kwa singe? Hiyo ilikuwa sheria ya sura, na ilipoisha muda wake 2004 ilikuwa vigumu mtu kuonyesha vizuri ilichofanya. Kilichokuwa na akili mle ndani ni kile cha magazini zisizidi risasi 10, kwa sababu kinagusa kazi ya silaha yenyewe. Mwaka 2011 kule Tucson, siku Mbunge Gabrielle Giffords alipopigwa risasi ya kichwa, watu 6 walikufa, na yule kijana alikuwa na magazini kubwa ya risasi 33, wananchi walimkamata pale alipokuwa anajaribu kubadilisha magazini. Ile nafasi ya sekunde chache ya kubadilisha ndo iliyookoa waliobaki. Sisemi hoja imeishia hapo, kuna magazini nyingi sana zilizokwisha uzwa na sheria ile ya 1994 iliziacha zilizokuwepo ziendelee kutumika, ila angalau ni hoja ya kweli, tunabishana kuhusu jambo.

Lakini kitu ambacho hakizungumzwi na ndo kimenifanya niandike jibu refu hivi ni makaratasi. Watu wanafikiri sheria ya bunduki inaishi mahakamani, kumbe inaishi kwenye kaunta ya duka. Unaingia kwa muuzaji mwenye leseni, unachagua, anakupa fomu 4473. Unajaza jina, anwani, halafu maswali ya ndiyo na hapana, umewahi kuhukumiwa kosa kubwa la jinai, uko chini ya amri ya zuio, unatumia dawa za kulevya, wewe ndo mnunuzi halisi wa hii silaha. Hilo la mnunuzi halisi usilichukulie poa, kuna kesi ya Abramski ya 2014, mtu aliyewahi kuwa polisi aliyemnunulia mjomba wake bastola akatiki kwamba mnunuzi ni yeye, kumbe hela ametuma mjomba, wote wawili walikuwa wanaruhusiwa kisheria kumiliki, na bado Mahakama ya Juu ilisema 5 kwa 4 kwamba huo ni uongo na hatia yake ikabaki. Ukishajaza, muuzaji anapiga simu au anaingiza kwenye kompyuta, mfumo wa FBI uliopo tangu Novemba 1998 unatafuta jina lako, na mara nyingi ndani ya dakika chache jibu limekuja: endelea, subiri, au amekataliwa.

Mi nauita huo mfumo wa busara kuliko yote waliyonayo, na uliwachukua miaka kuupata, James Brady, msemaji wa Rais Reagan, alipigwa risasi 1981 pamoja na Rais mwenyewe na sheria yenye jina lake ikapita 1993. Haumzuii mtu safi, haumuulizi sababu, unamuuliza tu kama ameshavuka mstari ambao sheria imeuchora mapema. Tatizo ni kwamba kompyuta inajua kile tu ilichoambiwa. Chuo kikuu cha Virginia Tech mwaka 2007, waliuawa watu 32, muuaji alikuwa ameshaambiwa na jaji kwamba ni hatari kwa nafsi yake na hiyo pekee ilitosha kumnyima, ila taarifa haikufika kwenye mfumo. Sutherland Springs, Texas, 2017, watu 26 kanisani, muuaji alikuwa amehukumiwa na mahakama ya kijeshi kwa kumpiga mke wake na mtoto wa mke wake, Jeshi la Anga halikupeleka taarifa FBI. Charleston 2015, watu 9 kwenye ibada ya kusoma Biblia, pale jibu lilikuwa "subiri", na sheria inasema zikipita siku 3 za kazi bila jibu la mwisho muuzaji anaruhusiwa kukupa silaha. Anayetafuta rekodi alikuwa anatafuta kwenye ofisi ambayo siyo, siku zikaisha, bastola ikatoka. Unaona? Hakuna sheria mpya iliyohitajika kwenye hizo mbili za kwanza. Ilihitajika karani abonyeze kitufe. Ila hakuna mwanasiasa anayeshinda uchaguzi kwa kuahidi makarani.

Na pale dukani ukishatoka, mauzo ya mtu kwa mtu ndani ya jimbo moja sheria ya serikali kuu haiulizi chochote, labda jimbo lenyewe liwe na sheria yake. Yaani mimi nikiwa na leseni ya duka nakukagua, jirani yangu asiye na leseni akikuuzia ya kwake kutoka kwenye gari hakukagui. Nikiambiwa nitaje tundu moja ambalo kuliziba ni busara bila kumgusa mtu safi, nataja hilo. Mwenzangu mmoja anayependa kuwinda alinipinga, kwamba ukianza kuandika kila mauzo utaishia kwenye rejista ya serikali na rejista ndo mwanzo wa kunyang'anywa. Si hofu ya kipumbavu, na tayari sheria ya 1986 imekataza serikali kuu kuwa na rejista hiyo. Matokeo yake polisi wakiokota bastola kwenye tukio inabidi wasome namba iliyochongwa kwenye chuma, kituo cha serikali cha kufuatilia silaha kilichopo Martinsburg, West Virginia, kipige simu kiwandani, kiwanda kitaje msambazaji, msambazaji ataje duka, mwenye duka aende kabatini akatoe ile 4473. Na duka likiwa limefungwa, makaratasi yake yapo Martinsburg kwenye picha zilizoskaniwa ambazo kwa makusudi haziwezi kutafutwa kwa jina la mtu. Kwa hiyo ukaguzi bila rejista unawezekana, wanaishi nao tayari.

Jambo jingine ambalo wanaobishana hulipita. Mwaka 2021 Marekani walikufa watu 48,830 kwa risasi, na kati yao 26,328 walijiua. Zaidi ya nusu. Mabishano yote ya singe na inchi 16 hayamgusi hata mmoja wa hawa. Mtu anayefikia hapo mara nyingi ni saa mbaya moja inayopita kama kungekuwa na kitu cha kumchelewesha, na ndo maana sheria za kusubiri siku kadhaa baada ya kununua, na zile zinazomtaka mzazi afungie silaha mtoto asiifikie, mi naziweka juu ya orodha. Hizo za kufungia mbali na watoto ni kati ya chache ambazo watafiti wa RAND, taasisi ya utafiti ya hukohuko, waliopitia tafiti kwa miaka, wanasema ushahidi wake ni mzuri. Na hazimnyang'anyi mtu chochote, zinamwambia tu funga kabati. Ila hata hizi zikivuka mpaka zinaharibika, ukimlazimisha mtu mzima anayeishi peke yake aifungie muda wote tunarudi kwenye kesi ya Heller.

Mtaniuliza Australia baada ya mauaji ya Port Arthur 1996, au Uingereza baada ya mauaji ya Dunblane mwaka huohuo. Zile nchi zilikusanya silaha na sikatai matokeo yao, lakini hazikuwa na haki hiyo ndani ya katiba, kwa hiyo kumpelekea jamaa yako mfano wa Australia ni kumpa ushindi wa bure.

Mwisho lile swali lako la pili, mtu aliyezuiwa anarudije, na hapa narudi upande wa jamaa yako kabisa. Sheria ya 1968 inamzuia maisha yote mtu aliyehukumiwa kosa linaloweza kumfunga zaidi ya mwaka mmoja, liwe la damu au la kalamu. Kuna bwana mmoja wa Pennsylvania, kesi inaitwa Range, mwaka 1995 alikiri kudanganya kipato kwenye ombi la msaada wa chakula, hakufungwa hata siku moja, akakuta haruhusiwi kumiliki hata bunduki ya kuwindia. Mahakama ya rufaa ilimpa haki yake 2023, na ikarudia tena 2024 baada ya Rahimi. Sheria yenyewe ina kipengele cha kumrejeshea mtu kama huyo, anaomba, anachunguzwa, akionekana si hatari anarudishiwa. Lakini tangu 1992 Kongresi kila mwaka ikipitisha bajeti inaweka mstari mmoja kwamba shirika linaloshughulikia silaha lisitumie hata senti kuyapitia maombi ya watu binafsi. Mlango upo, umeandikwa, anwani inajulikana, na kwa zaidi ya miaka 30 hakukuwa na anayelipwa kuja kuufungua, mpaka 2025 Wizara ya Sheria ilipoyachukua yenyewe hayo mamlaka na kuanza kuandika utaratibu mpya.